Betri Zetu Mezani kwa Komanda

Bujumbura

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Je, mguu umepona? Huko Kindu mnalala salama? Mimi ni mzima, ila nina hasira, na nisipoiandika itanipasua.

Unajua kazi yetu ya maabara: betri za sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi ya kila jiko. Tangu vita iangushe nguzo za umeme, wamama wanazaa gizani. Mimi natengeneza unga unaokaa ndani ya betri, oksidi ya chuma, ndugu wa kutu. Chembe zikiwa kubwa, sodiamu ikiingia zinavimba, zinapasuka, betri inakufa. Kwa hiyo tunazifanya ndogo mno hata hadubini yetu haizioni. Tumeharibu betri nyingi, Mama! Wiki iliyopita balbu iliwaka, ikazimika, tukachaji, ikawaka tena. Issa, mwenzangu wa maabara kutoka Buyenzi, alisema "Alhamdulillahi" mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake akapeleka betri materinite ya Mutakura, wanakozalia wamama, pamoja na kichupa cha unga awaoneshe wakunga. Kwenye bariyeri ya barabarani askari wakamkamata. "Unga gani hii? Ni bombe!" Wakamwaga unga mtaroni, wakampiga, wakamfungia kasho, mahabusu yao.

Nilienda mwenyewe. Komanda wao akaniuliza, "We Mukongomani, unatafuta nini mu vita yetu?"

"Mi natafuta mwangaza ya wamama. Muke wako alizaa mu giza?"

Nikaunganisha balbu na betri zetu mezani pake, ikawaka. Akacheka, akamwachia Issa, jicho limevimba. Betri akazivuta upande wake: "Hizi zinabaki. Radio yangu imekosa mawe ya kuiwasha."

Hata aibu hana! Jana akatuma askari maabara: "Chef anasema zimekufa. Alizifungua aone ndani. Mumutengenezee zingine." Azifungue mwenyewe, hewa iingie iziue, halafu tumlipie ujinga wake!

"Apana," nikasema. "Mwambie zinazokuja zina wenyewe."

Issa akanivuta mkono. "Nyamaza, dada."

Sikunyamaza: "Ni za wamama wa Mutakura!" Askari akatazama chini. "Muke wangu naye atazalia Mutakura," akasema polepole. "Nitamwambia chef sikuwakuta." Akaenda.

Leo tumeanza unga upya.

Nisalimie Baba Mdogo fundi cherehani, shangazi muuza mawese, na dada mkubwa na mapacha wake. Nawe, Mama, usiombe ninyamaze. Omba nisikamatwe.

Mwanao akukumbukaye,
Neema