Amri ya Mwisho ya Baba

Kwa Dada Mkubwa,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuomba uamuzi wako juu ya maneno ya kuchongwa kaburini kwa baba.

Ondoa hofu, hakuteseka mwishoni, nasi tumeshusha pumzi. Jioni ile tulipoingia chumbani alijikakamua aketi wima, kama enzi zile akitukagua kucha na viatu kabla ya shule. Binti yangu akamwambia, "Babu, mguu pande."

Baba akacheka. "Leo nimepata kamanda mwenye utu." Akaegemea mto, akalala, asiamke tena.

Kaka anataka kichongwe cheo cha baba cha jeshini. Mimi napendekeza amri ile ya mjukuu wake, maana aliitii kwa furaha. Fundi anasubiri. Naomba uamue lipi lichongwe.

Mdogo wako mtiifu.