Lugha ya Kumsengenyea Fatuma

Rangwi, Lushoto

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Natumaini joto la Dodoma linawahurumia wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima kwa kadiri baridi inavyoruhusu: ukungu umelalia maharage, viazi vinaozea shambani, na mgongo wangu unanikumbusha umri kila asubuhi. Mama yupo.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba Ramadhani ikiisha utakuja na gari umchukue Mama awe karibu na hospitali kubwa. Ni wazo jema, na kwa uchovu nilionao nililikubali kabla sijalifikiria. Ila kuna jambo sikukwambia kwenye simu.

Tangu kiharusi kimpate, Kiswahili kimemtoka Mama, Kishambaa nacho kikafuata. Kimebaki Kimbugu cha ndani, kile cha siri walichotumia wazee wetu mnadani kupanga bei ya ng'ombe mnunuzi akiwa amesimama hapohapo, ameduwaa. Nimekichunguza kwa masikio yangu, maana hakuna aliyeniajiri: viambishi vyake vinafanana na vya Kipare, lakini maneno mengi hayana ndugu hapa milimani. Ni kama mtu aliyeazima kanzu ya jirani, mwili akabaki nao wake.

Mimi na wewe tulipelekwa shule, tukabaki na salamu na matusi. Matusi hayamlishi mgonjwa. Mama aliita, nikampelekea maji, akayamwaga. Nikampelekea uji, akageukia ukuta. Mwishowe akaacha kabisa kula, nami nikaanza kuwaza sanda.

Asubuhi moja Fatuma mke wangu, huyuhuyu Mshambaa wa Soni ambaye wewe na Mama mlikuwa mkimsengenya jikoni kwa lugha hiyohiyo, wewe ukichangia yale matusi, aliweka sufuria chini akamjibu Mama. Si neno moja, ni maelezo marefu. Kisha akaniambia taratibu nimgeuze, bega linamuuma, na nifungue dirisha awaone ng'ombe wakitoka. Mama akanywa uji wote.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema mtu anayesemwa kila siku hahitaji mwalimu. Na mbona alinyamaza miaka yote? Akasema angejulikana mngehamia nyuma ya zizi, naye asingejua tena ni siku gani ugali wake ulikuwa mbichi. Akaongeza kwamba wewe, wifi yake, matamshi yako yalikuwa mabovu.

Kwa hiyo, Dada, ukimchukua Mama mchukue na Fatuma, nami nife njaa kwa Kiswahili fasaha. Au mwache hapa, uje wewe ukae naye. Fatuma hana kinyongo. Ndivyo anavyosema kwa lugha ninayoielewa.

Jana nilimwomba amweleze Mama mpango wako. Mama akasema mengi, Fatuma akacheka hadi akafuta machozi, Mama naye akacheka kwa upande wa uso unaoweza. Nikauliza wanacheka nini. Fatuma akaniambia nikaangalie ng'ombe, hayo ni mambo ya jikoni.

Shemeji na watoto wasalimie sana. Mama anakusalimu, au ndivyo nilivyotafsiriwa.

Mdogo wako,
Hashimu