Kwa Baba, Kuhusu Nafula na Friji Uliyoitilia Sahihi

Louisville, Kentucky

Baba yangu,

Pokea salamu zangu, hata kama simu zangu huzipokei. Hii ni wiki ya tatu napiga bila kujibiwa, nikaona bora niandike, maana barua huwezi kuikata katikati. Mgongo unaendeleaje? Mahindi mmeshavuna? Mimi ni mzima wa mwili. Bado naishi mtaa wa Iroquois na bado nahudumia wazee kule Jeffersontown, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Baridi imeanza kuuma. Moyo ndio hauko sawa.

Najua baba mdogo alikupigia kutoka Buffalo akakwambia nimekuanika mbele ya Wafilipino. Unamjua mdogo wako, jambo halitoki mdomoni mwake bila kutiwa chumvi. Nisikilize na mimi.

Kazini nina rafiki, Marisel, muuguzi kijana kutoka Ufilipino. Kwao vijana wameingia barabarani kwa sababu wakubwa wamekula fedha za wakulima kupitia vyama hewa, vyama vya kwenye karatasi tu. Walio huku nao hukutana. Alinikokota mpaka Columbus, saa tatu na ushei garini, kwenye ukumbi wa kanisa karibu na Morse Road. Mimi nilifuata chakula, sikufichi. Nilikuta vijana wamevaa fulana nyeupe, wengine wanafunzi, wengine wafanyakazi wa ghala, na meza imejaa tambi na nyama. Nikashiba. Halafu wakaanza kusema.

Kila mmoja alisimama akataja kitu kilichoibwa kijijini kwao. Marisel alimtaja amu yake, diwani, na daraja ambalo halikujengwa. Alisema kabla ya kuja alimpigia baba yake akamwambia, "Leo nitamtaja ndugu yako." Baba yake alilia, kisha akamruhusu.

Kijana mwenye maikrofoni akanigeukia, akauliza kama mgeni ana neno. Baba, alitaka nitaje jina, niseme nimefurahi kufika, nikae. Lakini unajua ulivyotulea. Kwetu mgeni akisimamishwa kanisani hataji jina akakaa, anatoa ushuhuda. Nikasimama, nikasema "Bwana asifiwe," wakacheka kidogo, na mdomo ukaendelea wenyewe.

Niliwaambia kuhusu zahanati yetu. Niliwaambia baba yangu alikuwa katibu wa kamati, na afisa alikuja nyumbani na karatasi zinazosema friji ya gesi ya kuhifadhi chanjo imefika, ilhali haikuwa imefika. Mimi ndiye niliyeleta chai. Nilimsikia akikwambia, "Mzee, ukikataa hii, hata zile magodoro za wagonjwa hazitakuja." Ukachukua kalamu, ukatia sahihi. Hukupewa hata senti, na hilo nalo nililisema, ingawa baba mdogo hakukwambia. Nikawaambia kuwa mwaka uliofuata mbwa mwenye kichaa alimuuma mdogo wangu usoni, na muuguzi wa zahanati akasema chanjo haikai pale kwa kukosa friji, tusubiri iagizwe. Tulisubiri. Nikawaambia ulivyombeba mgongoni siku ya mwisho, akiogopa hata maji ya kunywa.

Msichana mmoja wa mbele akaniuliza mtoto aliitwa nani. Nikasema, "Nafula." Wakalirudia wote pamoja, wanalivunjavunja kwa lafudhi yao, na mimi nikalia mpaka Marisel akanishika nisianguke. Baba, nyumbani kwetu jina hilo halijatajwa tangu tulipomzika. Hata picha yake uliitoa ukutani.

Sikujua kuna mtu anarekodi. Jumatatu ilikuwa mtandaoni, Alhamisi imefika Buffalo. Baba mdogo alinipigia nikiwa kazini, nimeshika beseni la maji. "Wewe mtoto, umetumaliza," akasema. "Hiyo video itolewe leo leo, halafu urekodi ingine useme ulikuwa confused." Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria wiki tatu.

Nimeambiwa umeacha uzee wa kanisa na hutoki nje ya boma. Hilo limenivunja. Usiku sijui nilie kwa ajili yako au kwa ajili yake. Ninajua ulitaka magodoro yale yafike, ninajua ungejifungia wewe na yule mbwa chumba kimoja kama ingesaidia.

Nilikosea, na nakuomba radhi kwa kosa lenyewe. Yule Mfilipino mdogo kwangu kwa miaka mingi alijua kumwambia baba yake kwanza. Mimi nilikupita wewe, nikaenda kuwaambia wageni. Nilipaswa kuketi mbele yako, hata kama ungenifukuza.

Lakini video ya pili sirekodi. Sikuchanganyikiwa. Friji haikufika, Baba, na yule afisa leo ni mtu mkubwa, bado anawapelekea watu karatasi. Nikisema nilidanganya, nitakuwa nimetia sahihi chini ya sahihi yako.

Nitakuja Disemba. Ukinifungia mlango nitalala kwa shangazi, sitapiga kelele. Sitaki useme chochote mbele ya kanisa wala mbele ya serikali. Nataka tukae watatu, wewe na mama na mimi, na umtaje. Mara moja tu inatosha.

Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na mchungaji, na wale mapacha wa jirani. Mama nimeongea naye. Hakunigombeza wala hakunisifu. Aliuliza tu kama ni kweli ukumbi mzima ulimwita mwanawe kwa jina. Nikamwambia ni kweli. Akaniomba nimwelezee tena, kutoka mwanzo.

Ni mimi, binti yako aliyebaki,

Nekesa