Nilivyomfukuza mtawa wangu mwenyewe

Jumapili alasiri. Mvua imenyesha tangu tutoke kanisani na nguo nilizoanika jana bado ni mbichi.

Sijui kama nilishinda au nilishindwa.

Kila Jumamosi tunakutana watano nyumbani kwa binamu yangu Brayo, huku Kiplombe, kucheza mchezo wa mezani. Kila mtu ana mhusika wake, Brayo anasimulia, dadu zinaamua nani ataishi. Wengine ni wachawi na mashujaa wa upanga. Wangu ni Neema, mtawa wa milimani anayepigana kwa mikono mitupu. Shuleni sikuwahi kuinua mkono darasani. Nikiwa Neema, naongea.

Jana Brayo alisema mtawa hafai. Dunia yetu ni ya ngome na majoka, watawa wa mateke ni wa hadithi nyingine. Kwa vile tumemaliza kidato cha nne juzi tu, tuliamua kwa njia tunayoijua: mdahalo. Tukaokota vikaratasi vya kupanga pande.

Changu kikasema: kuunga mkono hoja. Yaani nimfukuze Neema.

Upande uliopewa ndio unaoutetea, tumefunzwa hivyo miaka yote. Nikasimama. Nikasema upanga huvunjika na kitabu cha uchawi huungua, lakini mtawa hana cha kupoteza, kwa hivyo hawahitaji wenzake. Anatembea nasi kama mgeni.

"Wacha! Kumbe huyu ana mdomo?" Chebet akapiga meza, na yeye ndiye aliyekuwa akimtetea Neema.

Anti, mamake Brayo, alikuwa analeta chai. "Huyo mtawa mnamfukuza amekosa nini, maskini?"

Tukapokea vikombe, tukapiga kura.

Nne kwa moja: Neema aondoke. Ile moja ilikuwa yangu.

"Siz, Jumamosi ulete mhusika mpya," Brayo akasema.

Leo katikati ya mahubiri nimekumbuka kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuona ngome. Kwa nini ngome iwe yetu na mlima usiwe? Hoja nzuri, imechelewa siku moja.

Lakini jana niliongea bila Neema. Hilo pia ni kweli, na lilinipendeza, na naona aibu kwamba lilinipendeza.

Nimemwandikia Brayo meseji: "Niliyosema siyaamini." Nimefuta. Nimeandika: "Siyaamini yote."

Nitaituma kabla ya Jumamosi. Nikishajua ni yapi.