Kalibu ya Nyigu

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena. Daktari kaingia kwenye chumba changu cha nyuma, ninakotengeneza meno bandia, kaniuliza: hivi wewe ndiye dada yake yule fundi wa magari madogo? Kaona picha kwenye simu. Gari la mashindano, njano na mistari myeusi, linaenea kiganjani. Kaka yako ana mikono, akasema. Nilikuwa nimeshika taya la plasta la mgonjwa. Nusura nilivunje.

Kaka yangu! Kaka yangu hawezi kubandika stempu ikakaa sawa.

Niandike hapa, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Nyigu, hilo gari la pichani, nimeitengeneza mimi. Bodi, rimu, usukani, kiti, mpaka kioo cha pembeni ambacho ukipiga chafya unakipoteza. Nilichonga, nikatengeneza kalibu za silikoni, nikamwaga rezini, nikatupa zilizotoka na mapovu, nikamwaga tena. Kwenye meza hii hii. Mheshimiwa (jina nililompa kaka mimi mwenyewe, kwa jinsi anavyopenda viti vya mbele) alifanya kazi moja tu: kulibeba hadi ukumbi wa chama cha wapenzi wa magari. Wewe mdogo wangu una haya, aliniambia, acha mimi nikusemee. Akanisemea kweli. Kadi iliyo mbele ya gari, ndani ya kabati la kioo, ina jina moja, na si langu.

Hilo ningelimeza. Lakini Baba alikuwepo. Nyigu halisi, ile kubwa iliyokuwa ikishinda mbio, Baba ndiye aliyeigongea bodi enzi za ujana wake. Kwanza alichonga kigari cha mbao cha kumwongoza, ndipo akashika nyundo. Mimi vipimo vyangu vyote nilivitoa kwenye kile kigari. Sasa macho yake yana ukungu, anaona kwa vidole. Siku ile ukumbini aliipapasa Nyigu yangu kuanzia pua hadi pezi la nyuma, machozi yakamtoka, akamwekea Mheshimiwa mkono kichwani. Huyu amenirithi, akasema. Mbele ya watu. Na Mheshimiwa akainamisha kichwa kupokea!

Mimi nilikuwa nimeshika boksi.


Jumatano, 5 Machi

Siku ya kumkata Baba kucha. Anakaa kwa Mheshimiwa, kwa hiyo huwa nakwenda kule jioni. Kigari cha mbao kilikuwa mapajani mwake kama kawaida, anakizungushazungusha huku anasikiliza redio. Pezi lake la nyuma ni jembamba kama hizo kucha ninazozikata. Sijui aliwezaje kulichonga bila kulivunja.

Nikaona bora niseme. Nikasema, Baba, lile gari la ukumbini nimelitengeneza mimi. Sauti ilinitetemeka, najichukia kwa hilo.

Akatabasamu. Najua mwanangu, kaka yako aliniambia ulimshikia vitu. Msigombanie kitu kizuri.

Ulimshikia vitu.

Nikamaliza mkono wa kushoto. Nikakusanya kucha kwenye gazeti. Wifi aliyasikia yote akiwa mlangoni, akajitia anakunja nguo. Yeye anajua. Aliwahi kuja hapa kwangu akanikuta na rezini mpaka kwenye nyusi.

Mheshimiwa atanitambua. Sijui lini, sijui vipi. Ila dawa yake iko jikoni inachemka.


Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja wote wawili, yeye na wifi. Kavaa shati la pasi kali, kakaa kwenye kiti changu cha kazi bila kuuliza. Chama kinafanya sherehe, kinataka Nyigu ndogo za kuwapa wageni, bodi tu, bila magurudumu. Ameshakubali! Ameshakubali kabla hajaniuliza. Sasa mdogo wangu, lini utaanza kumwaga?

Nikamwambia, fundi si ni wewe?

Wifi akacheka. Halafu akaniangalia usoni, akaacha.

Mheshimiwa akasema sawa, kwani kuna nini hapo, si kumwaga tu, hata mtoto anaweza. Akaomba silikoni. Nikampa kopo zima. Akaomba udongo wa kufinyangia. Nikampa. Mpaka ubao wa kutengenezea kuta za kalibu nikampa, nikamfungia na kamba asije akaangusha njiani. Sijawahi kuwa mkarimu namna ile. Wifi alikuwa ananitazama kama mtu anayesikia harufu ya gesi.


Jumatatu, 10 Machi

Ananipigia simu kazini! Simu iko begani, mikono iko kwenye meno ya watu.

Anauliza nami najibu. Laza mfano kwenye udongo, uzame nusu. Sawazisha udongo pembeni, usiache mwanya. Toboa vishimo ili nusu mbili zije zikae pamoja. Jenga ukuta. Koroga silikoni polepole, mwaga kwa uzi mwembamba kutoka kona moja, iache ipande yenyewe. Yote kweli tupu. Nilimfundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi, maana mimi sikufundishwa na mtu.

Nikamuuliza anatumia mfano gani. Gari lipo, akasema, wewe usijali.

Lipo, ndiyo. Langu. Yaani analing'oa magurudumu yake niliyoyapachika kwa kibanio huku nimebana pumzi, ili alizamishe kwenye udongo kama kiazi. Hakusema hata samahani.


Jumanne, 11 Machi

Nimefanya.

Amepiga wakati wa chakula cha mchana. Akasema, nusu ya kwanza imeganda, nimeigeuza, nimetoa udongo, gari linaonekana mgongo. Sasa?

Hapa kuna hatua. Silikoni haing'ang'anii kioo, haing'ang'anii plastiki, inachong'ang'ania ni silikoni mwenzake. Kwa hiyo unapaka vaselini juu ya ile nusu ya kwanza, kila pembe, kila kishimo, ndipo unamwaga ya pili. Usipopaka, nusu mbili zinakuwa donge moja, na kilichomo ndani kimezikwa. Kila anayeanza kazi hii hulikosea hilo mara moja. Mimi nililikosea, nikakaa chini sakafuni nikalia.

Nilikuwa na neno vaselini mdomoni. Kabisa, kwenye ulimi.

Nikasikia sauti yangu inasema, mwaga ya pili.

— Hivyo tu?

— Hivyo tu.

Akanishukuru. Akasema, unaona, nilikuambia si kazi ngumu.

Najua nilichofanya na sijutii. Kitakachozikwa mle ni bodi yangu, nimeichonga mimi, nina haki ya kuizika mimi. Yeye aende kwenye sherehe na donge jeupe kama kipande cha sabuni. Asimame mbele ya viti vyake vya mbele aeleze fundi mwenye mikono alikosea nini. Na Baba akae pale pale amsikilize akibabaika. Hilo ndilo ninalolitaka. Simtakii ajali wala ugonjwa. Nataka ababaike.


Jumatano, 12 Machi

Sikwenda kwa Baba. Nimesingizia kazi. Nimelala fofofo, nimekula vizuri, kazini nimepiga mluzi. Daktari kaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia bora zaidi ya mchumba.

Mheshimiwa kimya. Raha iliyoje.


Ijumaa, 14 Machi



Nilipotoka kazini nilipita ukumbini. Nilitaka tu kuona kabati la kioo likiwa tupu. Nilitaka kulifaidi, niseme ukweli.

Nyigu iko ndani. Nzima. Magurudumu yake yote, kioo cha pembeni, kadi yenye jina lake. Mlinzi akaniambia halijafunguliwa tangu mwaka jana, ufunguo anao mwenyekiti.

Nilisimama pale kama nguzo. Halafu nikaelewa: kilichozikwa mle si bodi yangu.

Nikampigia wifi. Akapokea kwa kunong'ona, nadhani alikuwa jikoni. Ndiyo, mumewe kachukua kile kigari cha mbao. Alimwambia Baba anakwenda kukisafisha. Sasa kimekwama ndani ya lile dude, halifunguki, kalivuta, kalichokonoa na bisibisi. Baba anakiulizia tangu Jumatatu. Hali vizuri. Redio hataki iwashwe.

Halafu wifi akauliza, wewe hukujua? Nikamwambia mtandao unakatika.

Kile cha mbao. Mbao kavu, haina rangi wala vanishi, imeng'arishwa na mikono ya Baba tu. Silikoni itakuwa imeingia kwenye nyuzi zake. Na lile pezi.

Bado namchukia Mheshimiwa. Leo namchukia zaidi, kwa kunifanya niwe nimemfanyia Baba hivi. Najua hiyo si hesabu sahihi. Niache.


Jumamosi, 15 Machi

Wako sebuleni. Mimi niko chumbani, nimesema natafuta wembe mwembamba zaidi. Wembe ninao hapa, uko juu ya ukurasa huu.

Mheshimiwa alikuja na donge limefungwa kwenye taulo, Baba nyuma yake ameshikwa mkono na wifi. Hakukubali kubaki nyumbani. Donge ni jeupe, halionyeshi kitu, na upande mmoja limejaa matundu ya bisibisi. Nikamuuliza pua iko upande gani. Hakumbuki! Shati limemlowa mgongoni, kiti hakukitaka, alisimama tu. Hivi ndivyo nilivyotaka kumwona. Nikamwangalia vizuri, nikangoja ile raha ije. Haikuja ya kutosha.

Nikalipima kwa vidole, nikakisia pua, nikaanza kukata. Unakata kwa mawimbi, kidogo kidogo, unapanua kwa gumba, unakata tena. Mbao ikatokea, boneti. Nzima. Nikamwongoza Baba kidole akagusa. Akashusha pumzi ndefu. Mlango ukatokea. Silikoni imeng'ang'ania, nilikuwa naibandua kama gamba la kidonda. Pezi bado limo ndani, sijui kama ni zima au limeshakatika.

Ndipo Baba akauliza, kwani ilikuwaje?

Mheshimiwa akasema kwa haraka, mimi nilimuuliza yeye kila hatua, Baba. Kila hatua. Yeye ndiye aliyeniambia mwaga.

— Ulimuuliza yeye? Kwa nini umuulize yeye?

Wifi alikuwa anaangalia sakafu. Baba akanyoosha mikono yake mezani akaitafuta ya kwangu. Akaipapasa kama alivyoipapasa Nyigu, polepole, kidole kwa kidole. Makovu ya wembe. Ngozi ya gumba iliyoungua kwa rezini. Ukucha ambao hauoti tena vizuri. Alitumia muda mrefu. Mikono hiyo hiyo inayomkata kucha kila Jumatano.

— Kumbe Nyigu ni wewe, akasema.

Mwaka mzima nimelingoja neno hilo. Nimelisikia kichwani kwa sauti yake nikiwa kazini, nikiwa bafuni. Mheshimiwa aligeuza uso ukutani, nami sikumtazama hata.

Kwa sababu Baba hakuiachia mikono yangu. Akauliza kwa upole kabisa: sasa wewe unayeijua kazi hii namna hii, ilikuwaje ukasahau kumwambia nusu mbili zitashikana?

Nikasema nahitaji wembe mwembamba zaidi.

Naweza kusema nilisahau. Daktari alikuwa anaita, simu ilikuwa begani, nikasahau. Baba ataamini. Mheshimiwa hatabisha, hana uso wa kubisha. Lakini fundi hasahau hatua hiyo, na Baba amekuwa fundi maisha yake yote.

Ananiita. Siku zote huniita mwanangu. Sasa hivi ameita, kwa sauti ya chini:

— Fundi. Unakuja?