Ndizi nilizozifukua kabla ya wakati

Jumatano. Mvua imekatika sasa hivi, Kirushya yetu hii ya mpakani yote inanukia udongo, na mimi bado nina hofu.

Asubuhi nilikuwa nachambua maharage huku nasikiliza Bunge redioni, kile kipindi cha maswali. Mbunge mmoja akamuuliza waziri, serikali inangoja nini kuwafungia mpaka majirani wanaotudharau? Meza zikapigwa. Waziri akasema ujirani haujengwi kwa kelele. Mwingine akadakia kwamba waziri anawaogopa. Hapo waziri naye akapandisha sauti: "Mheshimiwa Spika, hatumwogopi mtu! Tukilazimika kufunga, tutafunga!"

Wakacheka, wakapiga meza tena, wakahamia swali la visima.

Mimi sikuhamia.

Binti yangu Odilia ameolewa Burundi. Kilima chao nakiona nikiwa shambani. Amejifungua juzi juzi, mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza. Sauti yake nimeisikia kwenye simu tu, analia.

Kwetu huendi kumwona mzazi mikono mitupu. Unakwenda kuhemba, yaani unampelekea chakula, na wakwe unawapelekea pombe ya ndizi. Ndizi zenyewe lazima ziive kwanza shimoni siku kadhaa ndipo zikamuliwe. Zangu nilizifukia Jumapili baada ya misa.

Mume wangu akanicheka. "Mama Odilia, wale wanataniana tu. Wakitoka hapo wanakunywa chai pamoja."

"Wanywe," nikamwambia. "Mara ile mpaka ulipofungwa, sisi tulikunywa na nani?"

Anajua. Dada yangu alizikwa ng'ambo, na mimi nilisikia nyimbo za mazishi kwa simu, nimesimama hapa hapa uani.

Basi mchana woga ukanituma kufanya kosa ambalo hata mtoto wa huku halifanyi. Nilifukua shimo ili nikamue pombe kabla mpaka haujafungwa. Joto lote likatoka. Ndizi nusu njano, nusu kijani, ngumu, hazikamuliki.

Wifi yangu akanikuta nimepiga magoti pale. "We mama, unafukua maiti?" Alipoona ndizi akashika kiuno. "Utahemba na hizi? Wakwe watatuimba mpaka tuzeeke!"

Nilicheka naye. Alipoondoka nikalia.

Rozari nimeishia katikati, maana sikio lilikuwa kwenye taarifa ya habari. Mungu wangu, nisamehe. Leo nimewaogopa watu nisiowajua kuliko nilivyokutegemea wewe.

Nimeamua. Alfajiri nakwenda na unga wa ulezi, maharage, na hizo hizo ndizi ngumu. Pombe itafuata ikijaliwa. Wakwe wakitaka kunicheka wanicheke, mradi wananicheka nimempakata mtoto.

Redio nimeizima. Asubuhi sitaiwasha; nataka niwe nimevuka kabla sijasikia lolote.