Mawese ya Mama na Sindano ya Sauzi

Dada yangu Tupokigwe,

Ugonile, dada. Hujambo wewe, na watoto? Mpunga umeshika vizuri, au maji yameupitia tena? Mimi mzima, ila nakaa upande mmoja, na sababu utaijua. Nakuandikia meseji ndefu hivi kwa kuwa ukipigiwa simu unaweka spika, na Ndandalo nzima husogea kusikiliza.

Unakumbuka vile vipele vya viganjani na nyayoni? Nilidhani ni sabuni ya jikoni hapa hotelini Cape Town. Mama akanitumia chupa ya mafuta ya mawese aliyokamua mwenyewe, kwa dereva wa lori anayepitia Malawi. Nikajipaka kila jioni mpaka mashuka yakawa rangi ya chungwa, na Lwazi, mwenzangu ninayeishi naye, akatishia kuhamia sebuleni. Vipele vikaisha. Nikampigia mama nikamsifu mno.

Kumbe ilikuwa kaswende. Vipele vyake huondoka vyenyewe, ugonjwa ukabaki ndani. Tumejua baada ya Lwazi kwenda kupima. Nesi alisema imerudi kwa kasi, hasa kwa wanaume wanaopenda wanaume kama sisi, hivyo tupime mara kwa mara bila kuona haya. Nani kamwambukiza nani hatujui, na tumekubaliana tusigombane. Wale wa zamani niliwapigia mmoja mmoja. Mmoja alinitukana kwanza, kisha akanishukuru. Tukachomwa sindano za matako, tukarudi nyumbani tunachechemea kama bata wawili. Nilicheka mpaka machozi.

Kicheko kilikatika jana mama alipopiga. "Ndaga fijo mwanangu kwa kunisifia. Sasa watu wanafuata mawese yangu mpaka kutoka Matema. Nimempaka binti mmoja mjamzito, viganja vyake kama vyako vile."

Niliaga haraka nikakata simu. Huenda vipele vya binti huyo ni ukurutu tu. Lakini ikiwa ni kaswende, mtoto anaweza kufia tumboni, na tiba ni sindano tu. Dada, nenda kwa mama leo, mkamtafute huyo binti apimwe zahanati, yeye na mumewe.

Mama atabisha. Atasema mawese yalimponya mwanawe, na hapo huna jibu ila ukweli. Basi useme. Mwambie nilikuwa na kaswende na hayakuniponya. Akiuliza nimeipata kwa nani, usinitungie mwanamke. Umenitunzia siri yangu miaka yote, nami nakupenda kwa hilo. Naogopa, lakini sitaki mtoto wa watu afe kwa ajili ya siri hiyo. Mwambie anipigie mwenyewe.

Msalimie shemeji, na mama mdogo wa Itungi, mwambie utani wake nimeukumbuka. Na mama asiache kukamua mawese. Ndizi za huku bila hayo hazishuki.

Akipiga, nitaweka spika kama wewe. Lwazi haelewi Kiswahili, lakini amesema atakaa hapa pembeni yangu.

Mdogo wako anayekaa upande,
Asajile